Buti Namba Tisa

Stoo ya kikosi ilikuwa na namba tisa tu.
Mguu wangu ni tano. Nikasaini.
Nikajaza gazeti vidoleni, kurasa za michezo,
na kwa miezi kumi na moja nikaitembea Kongo
juu ya matokeo ya ligi.

Sasa niko Uwemba, mwezi wa saba.
Umande umeganda juu ya matuta, mweupe,
majani ya viazi yameungua bila moto.
Jirani anapita na debe lake kichwani:
“Kamwene, Twilumba! Huko vitani ulikuwa mpishi?”
Kamwene, namwitikia. Ndiyo, nilipika.
Sijamdanganya.
Kuna usiku nilichemsha uji kwenye kopo la maharage,
nikaukoroga kwa kijiti, nikampa Mwajabu anywe kwanza,
na kabla haujapoa
mikono hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Kilabuni kwa Mgaya walitaka kujua zaidi.
Walinisogezea lita, wakafuta benchi kwa kofia.
“Lakini kweli, binti, mwanamke analenga?
Ulipiga mtu?”
Nikaonja.
Nikasema ulanzi wenu umechacha,
nikaondoka.

Handaki halijui tarehe za mwanamke.
Ilikuja siku ya pili ya mvua, maji yakiwa magotini,
na gari la vifaa limekwama ng’ambo ya mto.
Mwajabu, mtoto wa Pangani, mwenye matusi matamu,
alichana shuka lake vipande vinne.
“Shika vitatu,” akasema, “mimi yangu bado wiki.”
Viwili nilivitumia kwa kazi yake.
Cha tatu nilimfungia yeye, hapa, chini ya mbavu,
alfajiri ya Jumanne.
Hakikutosha.
Shuka zima lisingetosha.

Na yule wa upande wa pili
sikumwona uso. Kilikuwa kivuli kinachotema cheche,
nami nikavuta pumzi, nikaiachia nusu,
kama tulivyofundishwa Mafinga.
Kulipopambazuka tulikwenda kuhesabu.
Alikuwa peku.
Nyayo zake zimepasuka mistari, udongo umejaa ndani,
nyayo za mtu wa shamba.
Afisa aliandika: mmoja.
Nilitazama miguu ile mpaka nikaitwa jina mara mbili.

Lusungu wangu ana miaka minne.
Dada yangu anamwita “mama”.
Mimi ananiita “afande”,
anapiga saluti kwa mkono wenye makombo ya kande.
Watu wanacheka.
Nami nacheka, nachelewa kidogo.
Usiku akikohoa nakuwa nimeshasimama,
mgongo ukutani, nahesabu madirisha
ya nyumba yenye dirisha moja.

Leo asubuhi sikuziona buti uvunguni.
Mama alikuwa mlangoni, amezivaa, jembe begani.
“Baridi,” akasema. “Na wewe huzivai.”
Mama, zina gazeti ndani, subiri nikutolee.
“Gazeti? Nimewashia moto.”
Akapiga hatua mbili, akarudi, akazikanyaga vizuri.
Mama ambaye tangu azaliwe amelima peku,
visigino vyake vimechanika kama kuta za udongo,
vidole vimetawanyika, kila kimoja kimeshika njia yake:
namba tisa ilimkaa
kama fundi alimpima yeye.
Nikainama kumfunga kamba.
Nilikawia pale chini, nimeshika kifundo chake.
“Unatafuta nini?” akauliza.
Hamna kitu, mama.

Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma na kapu,
nikiweka mguu pale unapotoka wake,
penye alama ya soli niijuayo.
Ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi.
Nusu ya tuta akasimama, akageuka,
akanitazama muda mrefu.

“Twilumba,
mbona unatembea umeinama?
Nyanyuka, mwanangu.
Hapa kuna viazi tu.”